Kilima na Sindano

Jumapili ya tarehe 13 Oktoba 1968, jijini Mexico, askari wa Jeshi la Kenya aitwaye Naftali Temu aliingia mzunguko wa mwisho wa mbio za mita 10,000 akiwa amebaki na mpinzani mmoja tu, Mamo Wolde wa Ethiopia. Wolde akachomoka. Temu akamfuata, akamkaribia hatua kwa hatua, na utepe ukiwa karibu kabisa akampita. Saa ilisoma dakika 29 na sekunde 27.4. Ron Clarke wa Australia, mwenye rekodi ya dunia, alimaliza wa sita, akaanguka, akawekewa oksijeni. Hivyo ndivyo Kenya ilivyopata dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, na aliyeileta alikuwa Mgusii wa upande ambao leo ni Kaunti ya Nyamira.

Katika Michezo hiyohiyo lilitokea jambo jingine, ambalo huku kwetu halisimuliwi kamwe. Mwaka 1968 ndio mwaka ambao Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilianza kupima wanamichezo ili kujua nani ametumia dawa. Wa kwanza kunaswa alikuwa Msweden, Hans-Gunnar Liljenwall, aliyekunywa bia kutuliza mkono kabla ya kulenga shabaha. Timu yake ilipokonywa medali ya shaba.

Nayaweka mambo haya mawili pamoja makusudi. Tumezoea kusimulia dhahabu ya Mzee Temu kana kwamba ni ya zama nyingine, zama safi, halafu pufya, yaani dawa haramu za kuongeza nguvu, ikaja baadaye kama mgeni aliyebisha hodi usiku. Sivyo. Dhahabu yetu ya kwanza na chupa ya kwanza ya kupimia zilizaliwa katika mwaka mmoja. Ya kwanza tuliikumbatia. Ya pili tuliwaachia wengine, na kwa takriban nusu karne hatukujishughulisha nayo. Mimi naamini msiba wa riadha ya Kenya ulianzia hapo, mapema zaidi kuliko tunavyokubali.

Temu hakuwa wa kwanza kutoka milima ya Ugusii. Kabla yake kulikuwa na Mzee Nyantika Maiyoro, aliyefariki mwaka 2019. Mwaka 1954 alikwenda Vancouver kwenye Michezo ya Himaya, akamaliza wa nne katika mbio za maili tatu, wakati ambapo bado kulikuwa na waliodai kwamba Mwafrika hana subira ya masafa marefu. Mwaka 1956 alikuwa katika kikosi cha kwanza kabisa cha Kenya kwenye Olimpiki, huko Melbourne, akawa wa saba katika mita 5,000. Mwaka 1960 jijini Roma akawa wa sita. Hakuvaa medali ya Olimpiki hata moja. Lakini vijana waliokua Ugusii miaka ile walijua kwamba mtu wa kwao amekwenda akakimbia na Wazungu na hakuachwa nyuma, na mmoja wa vijana hao ni Temu, ambaye mwaka 1966 kule Kingston, Jamaika, alimshinda Ron Clarke huyohuyo katika maili sita.

Anayetaka kuelewa nguvu ya watu hawa na apande ukingo wa Manga asubuhi, umande ukiwa bado kwenye majani chai. Sehemu kubwa ya Nyamira iko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na kwingine inapita 2,000. Hewa ya huko ina oksijeni haba. Figo hulihisi pengo hilo, zikatoa homoni iitwayo erithropoietini, kwa kifupi EPO, na homoni hiyo huuamuru uboho utengeneze chembe nyekundu za damu kwa wingi. Chembe hizo ndizo zinazobeba oksijeni hadi kwenye misuli. Mtoto anayepanda mlima kwenda shule na kuuteremka kwenda kisimani hujengewa damu hiyo pole pole, kwa miaka, bila yeye kujua. Mexico yenyewe iko mita 2,240. Temu alikimbia katika hewa aliyoizoea.

Kumbuka jina la homoni hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni za dawa zilianza kuuza EPO iliyotengenezwa maabara, kwa ajili ya wagonjwa wa figo waliopungukiwa damu. Kitu kilekile ambacho kilima humpa mtu kwa miaka ishirini, sindano ikaweza kukileta kwa wiki chache.

Lakini nimetangulia. Mwaka 1972 jijini Munich, Kenya ilishinda dhahabu ya kupokezana vijiti, mita 400 mara nne, na watatu kati ya wanne waliobeba kijiti walikuwa Wagusii: Charles Asati, Munyoro Nyamau na Robert Ouko, pamoja na Julius Sang. Halafu tukatoweka. Mwaka 1976 Kenya iliungana na mataifa ya Afrika kususia Michezo ya Montreal, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya makaburu. Mwaka 1980 tukasusia ile ya Moscow. Uamuzi wa 1976 ulikuwa wa heshima na sitaulaumu. Ila ulikuwa na gharama ambayo haikuandikwa popote: Montreal ndiko wanamichezo walikopimwa steroidi kwa mara ya kwanza katika Olimpiki. Wenzetu walipokuwa wakijifunza nini kimepigwa marufuku na kwa nini, makocha wetu na maafisa wetu hawakuwepo.

Tuliporudi kwa kishindo mwaka 1988 kule Seoul, dunia ilikuwa imebadilika. Paul Ereng, Peter Rono, Julius Kariuki na John Ngugi waliondoka na dhahabu nne, na katika Michezo hiyo Ben Johnson wa Kanada alipokonywa ya mita 100 kwa kutumia stanozololi. Nyumbani tulisherehekea wetu na kumhurumia wa Kanada. Dawa zilionekana kuwa shida ya watu wa mbio fupi, watu wenye misuli na maabara. Sisi tulikuwa na ugali, maziwa na mlima.

Mwaka 1993 unanihuzunisha kuliko yote, kwa sababu ulikuwa na utukufu na onyo pamoja. Tarehe 10 Julai, uwanjani Bislett mjini Oslo, Yobes Ondieki, mwana wa Ugusii na bingwa wa dunia wa mita 5,000 wa mwaka 1991, alikimbia mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 58.38. Hakuna binadamu aliyewahi kushuka chini ya dakika 27 kabla yake. Rekodi aliyoivunja, ya Mkenya mwenzake Richard Chelimo, ilikuwa na umri wa siku tano. Lakini mapema mwaka huohuo mpimaji kutoka ng'ambo alikuwa amefika shambani kwa Ngugi bila taarifa, akitaka sampuli ya mkojo. Ngugi, bingwa wa dunia wa mbio za nyika mara tano, alikataa kumpa mtu asiyemjua. Akafungiwa miaka minne, adhabu ambayo baadaye ilipunguzwa baada ya kukubalika kwamba mazingira yake hayakuwa ya kawaida. Hakupatikana na dawa yoyote. Kosa lake lilikuwa kutojua sheria ambayo hakuna aliyemfundisha. Siku ile ilipasa kila kambi ya Kenya, kutoka Nyahururu hadi Keroka, ipate mtu wa kueleza kanuni hizi kwa lugha inayoeleweka. Haikuwa hivyo.

Kisha fedha zikaja. Temu na Maiyoro walikimbia zama za michezo ya ridhaa, ambapo mkimbiaji hakuruhusiwa kulipwa. Kuanzia miaka ya 1980 milango ilifunguka, na mbio za barabarani za Ulaya, Marekani na Asia zikaanza kutoa zawadi ambazo mkulima mwenye ekari mbili za chai hawezi kuziona maisha yake yote. Wakaja mawakala. Wakaja pia, nyuma ya mawakala, watu wenye mikoba midogo waliojiita madaktari. Katika miji yetu mtu aweza kuingia kemisti bila karatasi ya daktari na kutoka na sindano. Mwaka 2003 Pamela Chepchumba alipatikana na EPO katika mbio za nyika za dunia, kule Lausanne. Tulisema ni mmoja tu.

Wamarekani waliwahi kulala usingizi kama huu, wenye utajiri wote ule. Katika ligi yao kuu ya besiboli, Mark McGwire alipiga mipira 70 nje ya uwanja msimu wa 1998, nchi nzima ikashangilia. Mwandishi mmoja aliona chupa ya androstenedioni katika kabati lake, dawa iliyokuwa ikiuzwa madukani waziwazi na ambayo besiboli haikuikataza. Mwaka 2001 Barry Bonds akapiga 73. Ligi ilianza kuadhibu wanaotumia steroidi mwaka 2004, miaka 36 baada ya Mexico, na ripoti ya Seneta wa zamani Mitchell kuhusu dawa hizo, ya Desemba 2007, ikaonyesha kwamba wenye timu na wachezaji kwa pamoja walihusika kuuacha ugonjwa ukue. McGwire alikiri kuzitumia mwaka 2010. Wao walinyamaza kwa sababu viwanja vilijaa. Sisi tulinyamaza kwa sababu tuliuamini mno mlima wetu, na kwa sababu kumshuku mkimbiaji kulionekana kama kuitukana bendera.

Kimya kilivunjika kwa Rita Jeptoo. Alikuwa ameshinda Boston na Chicago, miaka miwili mfululizo, na mwishoni mwa 2014 alikuwa karibu kukabidhiwa dola 500,000 za msururu wa mbio kubwa za marathoni, ndipo sampuli yake ikaonyesha EPO. Mwaka uliofuata wanariadha wenyewe waliwafungia maafisa nje ya makao makuu ya shirikisho la riadha, Riadha House, Nairobi, wakidai uongozi uondoke. Naihesabu siku hiyo kuwa mojawapo ya siku kubwa za riadha yetu, ingawa hakuna aliyevaa medali. Tarehe 22 Aprili 2016 Rais Uhuru Kenyatta alitia saini sheria ya kupambana na pufya, iliyoipa nguvu ADAK, taasisi ya Kenya ya kupambana nayo. Wiki tatu baadaye WADA, shirika la dunia la kupambana na pufya, ikasema sheria hiyo ina kasoro na kuitangaza Kenya nchi isiyotii kanuni, hadi Agosti. Jemima Sumgong akashinda marathoni ya Olimpiki mjini Rio Agosti hiyohiyo; mwaka 2017 naye akapatikana na EPO.

Mwaka 2018 WADA ilitoa ripoti kuhusu Kenya. Tangu 2004 wanamichezo wa Kenya 138 walikuwa wamenaswa, karibu wote wakimbiaji. Kilichonigusa zaidi ni kwamba wachunguzi hawakukuta mtambo wa serikali kama wa Urusi. Walikuta ubahatishaji: mtu mmoja, daktari wa mtaani, sindano moja, matumaini ya kushinda mbio moja. Nandroloni, dawa ya zamani inayokaa mwilini muda mrefu na kugundulika kirahisi, ndiyo iliyoongoza. Anayedungwa nandroloni katika zama hizi amedanganywa na aliyemuuzia. Wengi walionaswa hawakuwa mabingwa. Walikuwa wakimbiaji wa kati, wale ambao zawadi ya nafasi ya tano ndiyo karo ya ndugu zao.

Novemba 2022 tulikaribia kufungiwa kama taifa. Serikali iliahidi dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka mitano, na upimaji ukaongezeka, na kwa hiyo waliokamatwa wakaongezeka. Mwaka 2025 zamu ikawa ya Ruth Chepngetich, aliyekuwa amekimbia marathoni ya Chicago ya 2024 kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 56. Alipatikana na haidroklorothiazaidi, dawa ya kuongeza mkojo inayoweza kuficha dawa nyingine, akafungiwa miaka mitatu. Muda wake wa Chicago haukufutwa, kwa kuwa sampuli yenye dawa ilichukuliwa baadaye.

Nimewahi kusikia kijana akiuliza, katika gari la kutoka Keroka, kama Mzee Temu naye "alikuwa anadungwa". Hakuuliza kwa ubaya. Amekulia wakati ambao kila ushindi huulizwa hivyo. Temu alifariki Machi 2003 na hawezi kujibu. Alikimbia kabla EPO ya maabara haijatengenezwa, na jibu hilo linatosha, lakini iliniuma kwamba nililazimika kulitoa.

Tarehe 27 Agosti 2023, mjini Budapest, Mary Moraa, mzaliwa wa Kisii, alishinda ubingwa wa dunia wa mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 56.03. Sampuli ya mashindano ya ngazi ile yaweza kuhifadhiwa kwenye barafu hadi miaka kumi, ipimwe upya kila maabara inapopata mbinu mpya. Na mwanariadha aliye katika orodha ya wanaopimwa hutakiwa kuandika mahali atakapolala na saa moja ya kila siku ambayo mpimaji akija atamkuta. Akikosekana mara tatu katika miezi kumi na miwili, anaweza kufungiwa bila tone la dawa mwilini, kama ilivyomfika Wilson Kipsang mwaka 2020. Mzee Nyantika hakuwa na saa hiyo, wala Temu. Kijana anayeanza leo kupanda Manga, akifika mbali, atakuwa nayo: saa moja ya kila siku, ukungu ukiwa bado juu ya chai, akisubiri hodi.