Jinsi nyufa zinavyosakwa katika mkia wa ndege

ASUBUHI ya Mei 14, 1977, ndege ya mizigo aina ya Boeing 707 ya kampuni ya Dan-Air ya Uingereza, iliyotoka London kupitia Athens na Nairobi, ilianguka ikikaribia kutua Lusaka, Zambia. Watu wote sita waliokuwamo walifariki dunia.

Uchunguzi ulibaini kuwa bawa dogo la mkia la upande wa kulia lilikatika angani, likaondoka na kibawa kinachocheza juu na chini ili kuongoza pua ya ndege. Marubani hawakuwa na la kufanya.

Chanzo kilikuwa ufa ulioanzia kwenye tundu la kifungio katika boriti ya nyuma ya bawa hilo, ukarefuka taratibu kwa maelfu ya safari. Metali huchoka: waya ukikunjwa huku na huku hatimaye hukatika, ingawa hakuna mkunjo mmoja wenye nguvu ya kuuvunja.

Kinachosikitisha ni kwamba bawa hilo lilibuniwa ili sehemu moja ikivunjika, nyingine zibebe mzigo. Hata hivyo, kinga hiyo haina maana iwapo mvunjiko hauonekani mapema, na ukaguzi ulioidhinishwa wakati huo haukutosha kuuona. Aidha, bamba la juu la bawa lilikuwa limebadilishwa kuwa la chuma kisichoshika kutu bila umbo hilo jipya kufanyiwa majaribio ya uchovu. Boeing 707 za toleo hilo zilipokaguliwa duniani baada ya ajali, takriban asilimia 7 zilikutwa na nyufa katika boriti hiyo.

Mwaka 1978 Marekani ilibadili kanuni zake. Tangu hapo mbunifu hutakiwa kukokotoa ufa utakua kwa kasi gani, kisha kupanga ukaguzi ili unaswe kabla haujawa wa hatari.

Macho, tochi na kioo cha kukuzia bado ndiyo mwanzo, lakini rangi na grisi huficha mengi. Palipo wazi, fundi huondoa rangi, hupaka kimiminika kinachopenya ndani ya ufa, hufuta, kisha hunyunyizia unga unaokivuta nje hadi mstari uonekane. Kwenye matundu ya vifungio hutumika kifaa chenye koili ya umeme. Ufa huvuruga mkondo na mshale wa kifaa huruka. Ndani zaidi hutumika mawimbi ya sauti au eksirei.

Ufa ukipatikana hupimwa na kulinganishwa na kitabu cha mtengenezaji. Ukizidi kiwango, kipande hubadilishwa. Kibawa kilichotengenezwa au kupakwa rangi upya huangaliwa pia uwiano wa uzito wake, kwani kikielemea upande mmoja kinaweza kutetemeka angani hadi kuvunjika. Ndege hubaki chini mpaka mhandisi mwenye leseni atie saini.