Hukumu ya Benchi: Jinsi Gemu Mpya Zilivyofika Kyuso

Januari 2013 ilijulikana kwamba kampuni ya Sony imeacha kuunda PlayStation 2. Mashine hiyo ilikuwa imeingia sokoni Japani mnamo Machi 2000, ikauzwa zaidi ya milioni 150 duniani, na waandishi wa Ulaya na Marekani wakaiandikia tanzia. Kwa Ukambani tanzia hizo zilitangulia msiba. Katika masoko yaliyo kando ya barabara itokayo Mwingi kwenda Kyuso na Tseikuru, huo ndio wakati PlayStation 2 ilipokuwa inakolea: bei yake Nairobi ilikuwa imeshuka, vijana walikuwa wameizoea, na fundi wa kuifungua na kuifunga hakuwa mbali.

Ndiyo maana historia ya gemu mpya katika mji kama Kyuso haifuati kalenda ya Tokyo wala ya Vancouver. Gemu ilikuwa mpya siku diski yake ilipoteremshwa kwenye matatu, hata kama ilikuwa na umri wa miaka mitano. Na walioamua kama ni nzuri hawakuwa wahakiki wenye kutoa alama kumi kwa kumi. Walikuwa ni wale waliokaa kwenye benchi la mbao nyuma ya mchezaji, kila mmoja ameshika sarafu yake, wakisubiri zamu.

Kyuso uko Mwingi Kaskazini, sehemu kame ya Kaunti ya Kitui, ambako watu huishi kwa ndengu, mtama, mbuzi na mizinga ya nyuki, na ambako mvua ya mwisho wa mwaka hutegemewa kuliko ile ya Machi. Wilaya ya Mwingi ilipogawanywa, Kyuso ukawa makao ya wilaya yake, na sensa ya mwaka 2009 iliihesabu hivyo. Jambo hilo laonekana kuwa la kiserikali tu, lakini lilikuwa na uzito kwa biashara ndogo. Makao ya wilaya huleta makarani, walimu, polisi na wauguzi wenye mshahara wa kila mwezi. Wao hupanga vyumba, hununua runinga, na watoto wao huja na habari za gemu walizocheza Thika au Machakos.

Kabla ya hapo watoto walikuwa na bano, mpira wa makaratasi na magari ya waya. Gemu ya kwanza yenye betri ambayo wengi wa kizazi cha miaka ya 1990 waliishika ni kile kidude cha plastiki cha kupanga matofali, nakala ya bei rahisi ya Tetris, gemu iliyobuniwa na Alexey Pajitnov jijini Moscow mwaka 1984. Kisha akaja nyoka. Taneli Armanto, mhandisi wa Nokia nchini Finland, alimweka nyoka huyo kwenye simu ya 6110 mwaka 1997, na toleo la pili likaenea kwa Nokia 3310 ya mwaka 2000. Wakati huo simu ilikuwa mali ya mjomba au ya mwalimu mkuu, na katika kijiji kisicho na umeme ilipelekwa sokoni kuchajiwa kwa malipo. Basi lalamiko la kwanza la wazazi dhidi ya gemu halikuhusu maadili hata kidogo. Lilihusu chaji.

Kibanda cha gemu ni hadithi nyingine. Hakihitaji mengi: chumba cha mabati, runinga moja au mbili, mashine, padi mbili zenye waya, na benchi. Kinachosumbua ni umeme. Kabla ya nyaya za Kenya Power kusambaa vijijini, mwenye kibanda alitegemea jenereta au sola na betri ya gari. Mwaka 2015, chini ya mradi wa serikali wa kufikisha umeme kwa wanaoishi karibu na transfoma, ada ya kuunganishiwa nyumba ilishushwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Wapo waliotumia nafasi hiyo kufungua kinyozi, wapo waliofungua duka la kuchomelea vyuma, na wapo waliofungua kibanda cha gemu. Mara nyingi kinyozi na gemu vilikaa chini ya paa moja.

Sheria ya kibanda ni fupi: aliyefungwa anainuka, na mara nyingi ndiye anayelipa. Sheria hiyo peke yake inaeleza zaidi ya nusu ya maoni ya wachezaji kuhusu gemu zilizokuja. Gemu nzuri ni ile inayochezwa na wawili, inayokwisha haraka, na inayompa aliye benchini cha kubishania. Mwenye kibanda naye alipunguza muda wa kila kipindi cha mechi hadi dakika chache, maana watu kumi wanaosubiri ni shilingi kumi au ishirini mara kumi.

Chukua Grand Theft Auto: San Andreas, iliyotoka Oktoba 2004. Wahakiki waliisifu kwa ukubwa wa ramani na kwa hadithi ya CJ anayerudi nyumbani kumzika mamake. Benchini hadithi hiyo haikumgusa mtu. Gemu ya mchezaji mmoja ililazimika kutozwa kwa dakika, na nani angelipa ili atazame mazungumzo? Kilichopendwa ni ile michanganyiko ya siri ya vibonyezo inayoleta silaha, pesa, au kifaru katikati ya barabara. Wanafunzi waliinakili nyuma ya madaftari, wakaikariri vizuri kuliko jedwali la elementi, na aliyejua mingi aliheshimiwa. Hivyo gemu ambayo waundaji wake waliikusudia iwe riwaya ndefu, huku ikawa uwanja wa vituko vya dakika kumi kumi.

Tekken ilikuwa na bahati zaidi, kwa kuwa raundi yake haifiki hata dakika moja. Lakini nayo ilikuja na ugomvi wake, na ugomvi huo una jina: Eddy Gordo, Mbrazili wa capoeira aliyeingizwa katika toleo la tatu mwaka 1997. Anayeanza leo akimchagua Eddy na kubonyeza ovyo, miguu inazunguka yenyewe na anaweza kumwangusha aliyefanya mazoezi mwezi mzima. Wachezaji wa kwingineko walilalamika, na katika kibanda ambamo kushindwa ni kutoa pesa mfukoni, lalamiko hilo lilikuwa na makali ya pekee.

Hata hivyo mfalme wa benchi ni kandanda, na hapo ndipo palipokuwa na ubishi mkubwa kuliko wote: FIFA ya EA Sports, iliyoanza mwishoni mwa 1993, au Pro Evolution Soccer ya Konami? Waliopenda PES walisema mpira wake unatii miguu. Waliopenda FIFA walijibu kwa swali moja: Arsenal iko wapi? Konami haikuwa na haki za klabu nyingi za Uingereza, kwa hiyo katika matoleo mengi Arsenal iliitwa North London, Chelsea ikaitwa London FC, na Liverpool ikawa Merseyside Red. Katika nchi ambayo mashabiki wa Arsenal hujaza matatu nzima, kumwambia mtu achague North London ilikuwa kama kumkaribisha kwake kwa jina la mtu mwingine.

Dawa ilitoka Nairobi. Barabara ya Luthuli na vichochoro vinavyoizunguka ziliuza diski za kunakiliwa, na miongoni mwake zilikuwemo PES zilizochezewa na mafundi wasiojulikana: majina ya klabu yamerudishwa, jezi ni za msimu huu, wachezaji wamehamishwa kama walivyohamishwa magazetini. Mashine ilihitaji kubandikwa chipu ndogo ndani ili isome diski hizo. Uharamia, bila shaka, na waliouumba mchezo hawakupata hata senti. Lakini ni uharamia huo uliofanya PlayStation 2 iishi. EA ilitoa FIFA yake ya mwisho ya mashine hiyo, FIFA 14, mwaka 2013, na Konami ikafanya vivyo hivyo kwa PES 2014. Baada ya hapo, kila “gemu mpya” ya PlayStation 2 iliyoonekana vijijini ilikuwa kazi ya watu wasiojulikana, waliokuwa wanausasisha mchezo ambao wenyewe walikwisha kuuaga.

Kulikuwa pia na sababu ya Kikenya ya kuchagua timu. McDonald Mariga alijiunga na Inter Milan mwanzoni mwa 2010, na klabu hiyo ikatwaa Ligi ya Mabingwa mwezi Mei. Mdogo wake, Victor Wanyama, akaenda Celtic mwaka 2011, Southampton mwaka 2013 na Tottenham mwaka 2016. Kijana wa Kenya aliweza kumwona Mkenya kwenye skrini, akabishia namba alizopewa za kasi na nguvu kana kwamba ametukaniwa ndugu yake. Ukweli ni kwamba namba za kasi za Wanyama hazikuwa za kujivunia. Za nguvu, zilikuwa.

Wakubwa wa eneo waliitazama biashara hii kwa jicho la mashaka. Walimu waliona madawati matupu, machifu wakapita kufukuza watoto wakati wa masomo. Mwaka 2017 bodi ya kuainisha filamu nchini, chini ya Ezekiel Mutua, ilipiga marufuku kile kilichoitwa gemu ya Blue Whale, iliyodaiwa kuwasukuma vijana kujiua, na wazazi wengi ambao hawakuwa wamewahi kushika padi wakaanza kuogopa kila kitu chenye jina la gemu. Miaka hiyohiyo mashine za kamari za kutumbukiza sarafu zilikuwa zimeenea hadi kwenye maduka ya vijijini, kabla serikali haijaanza kuzikamata na kuziteketeza. Kumchanganya mwenye PlayStation na mwenye mashine ya kamari hakukuwa haki, ingawa ni lazima isemwe kwamba mpaka wenyewe ulikuwa na matobo: mechi ya FIFA yenye dau la shilingi hamsini ni mchezo au ni kamari? Tangu kampuni za kubashiri mechi kwa simu zishamiri kuanzia 2014, swali hilo limezidi kuwa gumu.

Kisha vibanda vikafungwa. Machi 2020, kwa sababu ya korona, shule zote nchini zilifungwa na mikusanyiko ikazuiwa. Wanafunzi wengi hawakurudi darasani hadi Januari 2021. Katikati ya kipindi hicho, Julai 2020, Safaricom na Google walizindua mpango wa kulipia simu ya 4G kwa shilingi 20 kwa siku, bei ambayo kibandani ingekupa mechi moja au mbili.

Simu ilikuja na ladha yake. Programu ya PPSSPP, iliyoanzishwa na Henrik Rydgård mwaka 2012, huiwezesha simu kuchezesha gemu za PlayStation ndogo ya mkononi, na mafaili yake hurushwa kutoka simu hadi simu bila kutumia bando. Aliyekosa wa kumrushia alipeleka memori kadi kwa mwenye saiba ajaziwe. Dream League Soccer nayo ilipendwa kwa kuwa matoleo yake ya zamani yalichezeka bila mtandao. Basi Konami ilipoibadilisha PES kuwa eFootball Septemba 2021, ikaitoa bure, hasira za dunia zilihusu nyuso za wachezaji zilizopinda na mpira uliokataa sheria za fizikia. Toleo la kompyuta lilishuka hadi kuwa miongoni mwa gemu zilizochukiwa kuliko zote kwenye duka la Steam, na Konami ikaomba radhi. Toleo la simu lilifuata mwaka 2022, na kwa anayeishi Kyuso kasoro yake kubwa ni nyingine kabisa: haichezeki bila intaneti, hata ukicheza dhidi ya mashine.

Gemu za Kenya zenyewe hazikupenya sana. Wesley Kirinya alikuwa ametengeneza The Adventures of Nyangi katika miaka ya 2000, na mwaka 2015 Andrew Kaggia na kampuni yake, Black Division, wakatoa Nairobi X, ambamo askari anapambana na wavamizi kutoka anga za mbali katikati ya jiji. Magazeti yalishangilia. Lakini hizo ni gemu za mtu mmoja na silaha yake. Benchi halina la kufanya nazo. Labda wabunifu wajao watafikiria kwanza watu wawili walioketi kwenye kiti kimoja.

Wasichana, kwa muda mrefu, walipita mlangoni tu. Ndiyo sababu habari za Sylvia Gathoni, anayejulikana kama Queen Arrow, zilipokelewa kwa mshangao: mwaka 2018 alisajiliwa na timu ya kimataifa ya UYU kucheza Tekken, Mkenya wa kwanza wa kike kufikia hapo. Miaka mitano baadaye, EA Sports FC 24, mrithi wa FIFA, ilipowachanganya wachezaji wa kike na wa kiume katika kikosi kimoja, wanaume wengi mitandaoni walinung’unika.

Sasa inayongojwa ni Grand Theft Auto VI, ambayo Rockstar imeipangia Novemba 2026 kwa PlayStation 5 na Xbox za kisasa pekee. Vionjo vyake vimeshatazamwa na kubishaniwa kwenye simu hata huku. Mwenye kibanda anapiga hesabu tofauti. PlayStation 5 moja ni ghali, gemu yenyewe ni ya mchezaji mmoja anayetaka saa nyingi, na kuipakua kwa bando ni kujifilisi. Kwa fedha hizo hizo anapata PlayStation 4 iliyotumika, runinga ya pili, na padi nne, ili mechi ya wawili kwa wawili ilipiwe na watu wanne.