Urekebishaji wa kompyuta ya injini iliyohamishwa

Ni kazi ya kubadilisha programu ya kompyuta ya injini baada ya injini hiyo kufungwa kwenye gari la zamani ambalo haikutengenezewa. Mfano unaojulikana sana ni LS1 ya General Motors, injini ya V8 ya lita 5.7 iliyotoka na Chevrolet Corvette ya mwaka 1997. Nchini Marekani hufungwa mara nyingi kwenye magari ya miaka ya 1960 na 1970 yaliyotumia kabureta.

Kikwazo cha kwanza huwa ulinzi dhidi ya wizi. Kompyuta husubiri ishara kutoka gari la asili. Ikiikosa, hukata mafuta na injini huzimika mara tu baada ya kuwaka. Fundi asiyelijua hili hubadilisha pampu ya petroli bure. Ulinzi huo huondolewa ndani ya programu.

Mchanganyiko wa hewa na petroli ndio unaodai uvumilivu. Petroli huungua sawasawa kwa takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu 1, lakini injini inayovuta mzigo mzito huhitaji petroli zaidi. Bomba jipya la hewa lenye kipenyo tofauti hupotosha usomaji wa sensa ya hewa, kwa hiyo jedwali lake husahihishwa gari likiendeshwa, huku sensa ya oksijeni ikipima moshi kwenye ekzosi. Muda wa cheche usiguswe kabla ya hapo: ukiwahishwa mno, injini hugonga na pistoni huweza kutoboka.

Uwiano wa difu na ukubwa wa tairi navyo huingizwa, ili spidomita isome sawa.