Gia za Mlimani: Historia ya Kupanda kutoka Kilosa

Mji wa Kilosa uko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari. Dodoma iko juu ya mita 1,100. Kati yao imesimama milima ya Rubeho na Ukaguru, yenye vilele vinavyopita mita 2,000. Vyombo vilivyotoka pwani kwenda bara kwa njia hii vilifika hapa vikiwa vimezoea tambarare, na hapa ndipo vilipolazimika kurekebishwa. Mara nyingi kilichorekebishwa hakikuwa injini yenyewe, bali kile kinachokaa kati ya injini na gurudumu.

Kabla ya injini kulikuwa na mabega. Misafara ya karne ya 19 ilifuata bonde la mto Mkondoa, kisha ikaupanda mlima wa Rubeho. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipita huko mwaka 1857, wote wawili wagonjwa, punda wao wakianguka njiani. Mpagazi alibeba karibu frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Mzigo haukupungua kwenye mteremko wala kwenye mwinuko. Kilichopungua ni urefu wa hatua. Kwa mpagazi, hatua ndiyo iliyokuwa gia.

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwishoni mwa 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Wahandisi wa Kijerumani hawakuuparamia mlima kama misafara. Baada ya Kilosa waliilaza reli kando ya Mkondoa, wakapanda polepole pamoja na mto. Uamuzi huo uliipa treni mwinuko inaoumudu, lakini uliiweka njia yote mikononi mwa mto. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaling'oa tuta na madaraja kati ya Kilosa na Gulwe, wala hayakuwa ya kwanza kufanya hivyo.

Injini ya mvuke haina klachi. Mvuke unasukuma pistoni, pistoni inasukuma fito, fito zinazungusha magurudumu moja kwa moja, na nguvu ya kuvuta huwa kubwa zaidi pale treni inapoanza kuondoka. Dereva alicheza na mkono unaopima mvuke uingie kwenye silinda kwa muda gani: muda mrefu kwenye kilima, mfupi kwenye tambarare. Hewa nyepesi ya juu haikuisumbua sana, kwa kuwa nguvu yake ilitoka kwenye shinikizo la boila. Adui wake alikuwa utelezi, na dawa ya utelezi ilikuwa mchanga unaomwagwa relini mbele ya magurudumu.

Dizeli ilileta shida ya aina nyingine. Injini inayounguza mafuta ndani ya silinda huvuta hewa, na hewa hupungua uzito kadiri mtu anavyopanda. Kwa injini isiyo na turbo, kanuni ya mafundi ni kwamba kila mita 1,000 huiba karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu. Tena dizeli haiwezi kuanza kuvuta ikiwa imesimama kama mvuke ufanyavyo. Sharti izunguke kwanza, kisha kitu fulani kiuunganishe mzunguko huo na magurudumu taratibu. Kitu hicho ndicho kilichoitia reli ya TAZARA matatani.

TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975, ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976. Njia yake ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, hupita Kidatu, kusini mwa Mikumi, mahali palipofikiwa miaka ya 1960 na tawi la reli linalotoka Kilosa kupitia Mikumi. Reli hizo mbili zinakutana Kidatu bila kushikana: ya Kilosa ina upana wa milimita 1,000, ya TAZARA milimita 1,067, na shehena huhamishwa kutoka behewa hadi behewa. Kutoka Kidatu, TAZARA hupita bonde la Kilombero hadi Mlimba, halafu hupanda ukingo wa nyanda za juu kuelekea Makambako. Kipande hicho kimejaa mahandaki na madaraja marefu. Baadaye, karibu na Mbeya, reli hufika kilele chake cha karibu mita 1,790.

Vichwa vya treni vilivyotoka China, aina ya DFH, vilikuwa vya dizeli na mafuta ya haidroliki. Ndani yake dizeli huzungusha pangaboi linalorusha mafuta kwenye pangaboi la pili, na hilo la pili ndilo linalopeleka mzunguko kwenye magurudumu. Kwenye tambarare mpango huu ni mzuri: hakuna sahani za klachi za kuungua, na treni huondoka bila mshtuko. Kwenye mwinuko mrefu wenye mzigo mzito, pangaboi la kwanza hukimbia huku la pili likijikokota. Tofauti ya mwendo kati yao haipotei hewani, hugeuka joto ndani ya mafuta. Dizeli nayo, ikiwa imeshafika kikomo cha nguvu zake, haina akiba ya kuziba pengo. Vichwa vya DFH vikazidiwa kwenye kipande cha Mlimba hadi Makambako, na tani ambazo reli ilitarajiwa kuzivusha hazikuvuka zote.

Dawa ilifika mwaka 1983: vichwa vya dizeli na umeme aina ya U30C, vya muundo wa General Electric, vilivyoundwa Ujerumani na kampuni ya Krupp. Humo dizeli huzungusha jenereta tu, na mota za umeme ndizo zinazozungusha magurudumu. Kwa hiyo injini huweza kubaki kwenye mzunguko wake bora hata treni ikitambaa kama jongoo. Mota nazo huchemka zikivuta sana kwa mwendo mdogo, ila dereva ana mita inayomwonya mapema.

Kwenye njia ya Kilosa, reli mpya ya kisasa (SGR) imeliondoa suala la hewa kabisa. Treni zake za umeme zilianza safari za abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, zikipenya milima ya Kilosa kwa mahandaki badala ya kuzunguka na Mkondoa. Mota ya umeme haivuti hewa, kwa hiyo urefu wa mlima hauipunguzii chochote.

Barabarani hadithi ni ngumu zaidi, kwa sababu huko klachi iko chini ya mguu wa mtu. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru Novemba 1965, Zambia ilinyimwa njia yake ya mafuta ya kusini. Malori yaliyobeba mapipa kutoka Dar es Salaam yakaanza kupita Morogoro, Mikumi na Iringa kwenye barabara ambayo sehemu kubwa ilikuwa ya vumbi na matope. Bomba la mafuta la TAZAMA, kutoka Dar es Salaam hadi Zambia, lilipunguza mzigo huo kuanzia 1968, na lami ikaenea njia nzima mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mlima Kitonga, baada ya Mikumi na Ruaha Mbuyuni, ulibaki palepale. Dereva anayebadilisha gia katikati ya kilima hupoteza mwendo wakati klachi imekatwa, na akijaribu kuufidia kwa kuiachia nusu nusu, sahani zinasuguana mpaka zinanuka. Ndiyo maana aliyefunzwa vizuri huchagua gia ndogo chini kabisa, kabla mlima haujaanza.

Vijiji vya Wilaya ya Kilosa viko mbali na Kitonga, lakini navyo vilipata mwinuko wao wenyewe pikipiki zilipoingia. Jina la pikipiki hizo za abiria, bodaboda, lilizaliwa kwenye baiskeli za abiria za mpaka wa Kenya na Uganda. Tanzania iliziwekea pikipiki za biashara kanuni za leseni mwaka 2010, wakati tayari pikipiki za kutoka India na China, zenye injini za sentimita za ujazo 100 hadi 150, zilikuwa zimejaa mijini na vijijini. Zimeundwa kwa ajili ya mtu mmoja au wawili barabarani. Magunia mawili ya mahindi kwenye njia ya mlima hayakuwa kwenye hesabu ya mchoraji.

Fundi wa pikipiki hawezi kuongeza ujazo wa silinda kwa gharama ndogo. Anachoweza ni kubadilisha sproketi. Ikiwa ya mbele ina meno 15 na ya nyuma 45, injini huzungusha sproketi ya mbele mara tatu ili gurudumu lizunguke mara moja. Akiweka ya mbele yenye meno 14, hesabu inakuwa 3.21: nguvu ya kuvuta inaongezeka kwa asilimia saba hivi, na kasi ya juu inapungua kwa kiasi kilekile. Akitaka matokeo hayohayo kwa sproketi ya nyuma, anahitaji meno 48 na huenda cheni ndefu zaidi. Jino moja la mbele lina thamani ya matatu ya nyuma, jambo linaloeleza kwa nini ya mbele huguswa kwanza. Kwa anayepanda juu sana kuna pia kabureta: hewa ikipungua, petroli inazidi, plagi inatoka nyeusi, na jeti ndogo zaidi huhitajika.

Hesabu hiyohiyo hufanywa kwenye nchi za baridi kwa pikipiki za theluji, ambazo hazina gia za kubadilisha. Zina puli mbili na mkanda. Puli ya injini ina vizito vinavyotawanyika kadiri mzunguko unavyoongezeka, vikiibana puli na kuupandisha mkanda, huku springi ikivizuia. Mtindo huo wa mkanda ulijulikana kwenye magari ya DAF ya Uholanzi tangu 1958, na Ski-Doo ya Bombardier ya Kanada ikaingia sokoni mwaka 1959. Kwenye mita 3,000 injini isiyo na turbo imepoteza karibu asilimia 30 ya nguvu, na vizito vilivyopimwa kwa ajili ya pwani huipakia mzigo isioweza kuuzungusha. Fundi huweka vizito vyepesi zaidi. Mkanda unachelewa kupanda, injini inarudi kwenye mzunguko unaoiwezesha kutoa nguvu zake zote zilizobaki, na mkanda mpana wa chini unaokanyaga theluji unapata kasi yake tena.

Skuta zisizo na gia zinazoonekana kwenye miji ya Tanzania zina puli na vizito vya jinsi hiyo, ila mlimani hazijaiondoa pikipiki ya cheni. Sababu moja ni mteremko. Pikipiki ya gia ikishuka kwa gia ileile iliyopandia, injini huishikilia na breki hupumzika. Kwenye skuta, mzunguko ukishuka mno klachi yake hujiachia yenyewe, gurudumu linabaki huru, na aliyepakia magunia mawili anabaki na breki peke yake.