Ritifaa katika jina Ng'andu: kalamu, taipureta na kibodi kwenye mwambao wa Ziwa Mweru

Kila mwaka tunapoanza somo la fonolojia tunawapa wanafunzi jozi ya maneno ngoa na ng'oa. La kwanza ni tamaa au wivu. La pili ni kuchomoa kitu kilichoshika, kama mzizi au jino. Kimaandishi, kinachoyatenganisha ni ritifaa peke yake. Katika makala haya tunakusudia kuifuatilia alama hii hadi mahali ambapo sisi walimu wa Kiswahili hatupatupii macho sana, yaani Nchelenge, mji ulio kwenye mwambao wa Ziwa Mweru, Mkoa wa Luapula, nchini Zambia.

Kibemba, lugha inayotawala huko, kina sauti hiyo hiyo na leo huiandika kama sisi. Nyumba ni ing'anda, na ing'ombe haihitaji tafsiri. Ukoo wa kifalme wa Wabemba ni Bena Ng'andu, watu wa mamba, na Ng'andu ni jina linalojulikana sana Zambia. Bwalya Ng'andu alikuwa Waziri wa Fedha wa nchi hiyo kuanzia mwaka 2019 hadi 2021. Ikiondolewa ritifaa, jina linasomeka kwa sauti nyingine.

Kiswahili nacho si mgeni ziwani. Kisiwa kimojawapo kinaitwa Kilwa, na ng'ambo, upande wa Kongo, uko mji wa Kilwa pia. Misafara ya pwani ilifika kwa Mwata Kazembe katika karne ya 19. Mwaka 1867 Tippu Tip alimshinda Nsama wa Itabwa, kati ya Mweru na Tanganyika, na Novemba ya mwaka huo huo Livingstone akalifikia ziwa. Tippu Tip aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu, Heinrich Brode akazihawilisha kwa hati za Kirumi, zikachapishwa Ujerumani mwaka 1902 na 1903. Katika uandishi ule wa zamani herufi ghaini iliweza kubeba g, gh, ng na ng'. Aliyeamua ni sauti ipi alikuwa msomaji, kwa kuijua lugha.

Hati za Kirumi ziliuhamisha uamuzi huo kwa mwandishi. Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Kiafrika, iliyoundwa London mwaka 1926, ilipendekeza herufi ŋ. Luganda iliichukua. Kiswahili Sanifu, kilichoshughulikiwa na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1930, kilibaki na ng'. Kwa maoni yetu uamuzi huo ulikuwa wa busara, kwani taipureta za ofisini hazikuwa na ŋ lakini ritifaa zilikuwa nayo. Kitufe hicho kilifanya kazi nyingi: kilifungua nukuu, kikaifunga, na mashine isiyokuwa na alama ya mshangao ilimlazimu mpiga chapa apige ritifaa, arudi nyuma, kisha apige nukta chini yake. Jambo la kukumbuka ni kwamba taipureta haikuwa na maoni. Ukibonyeza, wino unaingia kwenye karatasi.

Kompyuta haifanyi hivyo. Mwaka 1963 mfumo wa ASCII uliipa kila herufi namba, na ritifaa ikapewa 39. Katika programu za Windows, kidole kimoja kikigusa kibodi huzaa matukio matatu: kitufe kimebonyezwa, herufi imepatikana, kitufe kimeachiwa. Katikati ya matukio hayo mtayarishaji wa programu anaweza kusimama kama bawabu mlangoni. Visual Basic, iliyotoka mwaka 1991, iliirahisisha kazi hii mno. Katika tukio la herufi, ukiigeuza namba ya herufi kuwa 0, herufi hiyo haiingii kabisa. Kisanduku cha kawaida cha Windows hupokea ritifaa bila shida yoyote. Shida huanza pale mtu anapounda kisanduku chake cha "jina" na kuamuru kipokee namba 65 hadi 90 na 97 hadi 122 tu, yaani A mpaka Z, kubwa na ndogo. Ritifaa, kwa kuwa ni 39, inabaki nje. (Waliosahau kuruhusu 8, namba ya kitufe cha kufutia, waliwaacha makarani wasiweze kufuta hata kosa la herufi moja.)

Kwa nini ritifaa ichukiwe? Lugha ya SQL, inayotumika kuulizia hifadhidata, huzungushia maneno ritifaa. Jina Ng'andu likiunganishwa ovyo ndani ya amri, mashine hudhani jina limekwisha kwenye Ng, na amri inavunjika. Dawa inajulikana: kuiandika ritifaa mara mbili, au kulituma jina peke yake, mbali na amri. Wengi waliona rahisi zaidi kuipiga marufuku. Waingereza wanajua adha hii kupitia majina ya Kiayalandi kama O'Brien. Kwetu sisi ni nzito zaidi, maana inagusa sauti yenyewe.

Sasa tuvuke ziwa. Upande wa Zambia kibodi ni za mpangilio wa Kiingereza, na ritifaa iko kulia, karibu na kitufe cha kuingizia. Upande wa Kongo ni mpangilio wa Kifaransa, ambako ritifaa iko kwenye kitufe cha 4, na tarakimu yenyewe hupatikana kwa kushikilia kitufe cha herufi kubwa. Mtayarishaji anayesikiliza tukio la kwanza, kitufe kubonyezwa, hapokei herufi bali namba ya kitufe. Kwa ritifaa ile ile atapata 222 kwenye mpangilio wa Marekani, 192 kwenye ule wa Uingereza, na 52 kwenye ule wa Ufaransa. Namba 52 ndiyo ya kitufe cha 4. Akiwa amezuia tarakimu katika jina, amezuia na ritifaa pia, wala hatajua. Angesikiliza tukio la pili angepata 39 kote kutatu.

Uko pia mpangilio wa kimataifa wa Marekani, ambao huishikilia ritifaa ikingoja irabu. Andika Ng'andu, utapata Ngándu. Andika ng'ombe, utapata ngómbe.

Katika ofisi moja ambayo hatutaitaja tulimtazama karani akibonyeza ritifaa mara tatu, fomu ikakaa kimya, akaandika Ngandu akaendelea na wa pili kwenye foleni. Lawama si yake. Lakini cheti cha shule kikisema Ng'andu na daftari la kompyuta likisema Ngandu, mwenye jina ndiye atakayetakiwa kula kiapo kwamba yeye ni mtu mmoja. Wapo makarani wajanja wanaolinakili jina kutoka mahali pengine na kulibandika kwa kipanya. Bawabu wa kibodi hamwoni anayepita hapo. Hata hivyo, jina lililonakiliwa kutoka programu ya kuandikia mara nyingi huja na ritifaa iliyopinda, ambayo katika Unikodi ni 8217 na si 39. Kwa jicho ni Ng'andu yule yule. Kompyuta ikimtafuta haimpati. Unikodi ina hata ya tatu, namba 700, iliyokusudiwa ritifaa ambayo ni sehemu ya herufi, kama yetu. Ila hakuna kitufe chake kwenye kibodi za kawaida.

Walimu wenzetu wenye orodha za matokeo zilizochapwa na kompyuta wazilinganishe na daftari za mahudhurio zilizoandikwa kwa mkono, hasa majina yanayoanza na Ng', na watuletee watakayoyakuta.