Sahani ya Mgeni: Habari za Mikahawa na Magenge ya Tanga

Walioandika historia ya Tanga wameandika sana juu ya mkonge, reli, bandari na vita. Washairi nao wamepata haki yao, kwa kuwa mji uliokuwa jirani ya kitovu cha Shaaban Robert (1909–1962) hauwezi kutajwa pasipo kutajwa ushairi. Wapishi ndio waliosahauliwa. Reli haikutandikwa na watu wenye njaa, wala meli hazikupakuliwa na matumbo matupu. Kila siku palikuwa na mtu aliyeamka kabla ya alfajiri, akawasha moto, akabandika chungu kwa ajili ya watu asiowazaa na wasiokuwa ndugu zake. Habari za mtu huyo ni sehemu ya historia ya kazi katika nchi hii, na yafaa zichunguzwe kwa makini yale yale yanayotumiwa kuchunguza bei ya katani.

Adabu ya zamani ya pwani haikupenda chakula cha njiani. Chakula kilikuwa cha nyumbani au cha karamu, na mtu mzima aliyeonekana akila huku anatembea alihesabiwa kuwa hakufunzwa. Mgeni hakununua chakula, alilishwa. Hata hivyo ukarimu huo ulikuwa na mpaka wake, nao umehifadhiwa katika methali ijulikanayo na kila mtoto: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana yake ni kwamba mgeni hugeuzwa kuwa mwenyeji kwa kazi, na akishashika jembe hula katika chungu kile kile anacholia mwenye nyumba. Hapakuwa na nafasi ya mtu mwenye jembe lakini asiye na chungu.

Kilichouzwa barazani bila ya aibu kilikuwa kahawa. Muuza kahawa alipita na dele lake la shaba juu ya kijiko cha makaa, akigonganisha vikombe vidogo mkononi ili watu wasikie kuwa amefika, na kashata ikafuata. Kahawa haikuhesabiwa chakula. Ilikuwa sababu ya kuketi na kuzungumza. Katika neno hilo ndimo lilimozaliwa jina la mkahawa, yaani mahali pa kahawa, na baadaye vinywa vya watu vikalilainisha likawa mgahawa. Jina likabaki hata wali na mchuzi vilipoingia na kahawa ikawa haba. Neno hoteli nalo lilifanya safari ya namna yake: lilikuja kutoka kwa Wazungu likiwa na vitanda, lakini lilipofika mitaani vitanda vikaanguka njiani, hata leo mtu asemaye kwamba amekula hotelini hana maana ya kuwa kuna aliyelala humo. Kwa kulala likatafutwa neno jingine, gesti. Lugha ilichukua katika vitu vya kigeni kile ilichokihitaji tu, na iliyokihitaji zaidi ilikuwa sahani.

Haja hiyo ilianza kuwa kubwa mwaka 1893. Mwaka huo Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga, na mwaka huo huo Dakta Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida; husimuliwa kwamba katika miche 1,000 iliyosafirishwa ni 62 tu iliyofika hai na kupandwa karibu na Pangani. Reli ilifika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Mkonge na reli vilivuta watu kutoka kila upande: Wabondei, Wasambaa na Wadigo wa karibu, na baadaye manamba kutoka Unyasa, Ubena, Uha, Urundi na Msumbiji. Mji wa wenyeji ukawa mji wa wageni. Hawa hawakungoja siku ya tatu kupewa jembe, maana walipewa siku ya kwanza; lakini aliyewapa jembe hakuwa na chungu cha kuwakaribisha. Shambani manamba alipimiwa posho ya unga na maharage. Mjini, kibarua wa bandarini alipewa fedha ya siku, akaachwa ajitafutie.

Hoteli pekee ya Tanga iliyopata jina katika vitabu vya vita haikuwa yake huyo. Tarehe 4 Novemba 1914, jeshi lililoletwa na Waingereza kutoka Bara Hindi lilipoushambulia mji, baadhi ya askari wake waliingia mpaka ndani wakaiteka nyumba ya forodha pamoja na Hotel Deutscher Kaiser, wakapandisha bendera ya Uingereza juu yake. Furaha hiyo haikudumu. Askari wa von Lettow-Vorbeck, waliokuwa wachache mno kuliko washambulizi, waliwasukuma nyuma, nyuki waliochokozwa mizingani wakawashukia watu, na tarehe 5 jeshi likarudi melini. Waingereza hawakuushika mji hadi mwaka 1916. Yafaa kuangaliwa kwamba askari walipotaka mahali pa kutweka alama ya ushindi walichagua nyumba ya kulia chakula. Walijua, kama Wajerumani walivyojua, kuwa hoteli ile ilikuwa kiti cha ubwana. Mwafrika aliingia humo kwa mlango wa jikoni.

Chini ya Waingereza mji uliendelea kukaa kwa mafungu. Wazungu walikuwa upande wa bahari na Ras Kazone. Wahindi walikuwa katikati, juu ya maduka yao. Waafrika walikuwa Ngamiani, ng'ambo ya reli. Kila fungu lilikuwa na mahali pake pa kula, na mtu aliweza kuijua serikali kwa kuangalia nani ameketi wapi. Katikati ya mji kulikuwa na vyumba vya chai vya Wahindi, penye sambusa, bajia na chai iliyochemshwa pamoja na maziwa. Waarabu wa Hadhramaut, ambao watu waliwaita Washihiri, walijulikana katika miji yote ya pwani kwa vijiduka na mikahawa yao midogo. Vyakula havikutii mipaka ya mafungu. Chapati na sambusa zilivuka reli zikawa za Ngamiani kabisa, hata leo mtoto wa Tanga hawezi kuambiwa kuwa chapati ni ya kigeni asicheke. Watu ndio waliochelewa kuvuka.

Ngamiani, kwenye barabara zake ndefu ziitwazo kwa nambari, na karibu na bandari, palikuwa pa genge. Neno hili lina maana mbili zinazokaa pamoja: ni kundi la watu wafanyao kazi, na ni mahali panapouzwa vyakula vidogo vidogo. Haikuwa ajabu maana hizo kukutana, kwa sababu palipokuwa na kundi la vibarua ndipo mwanamke mmoja alipotua chungu chake. Mawe matatu, sufuria mbili, benchi moja, na turubai ikiwa kuna mvua. Asubuhi paliuzwa uji, muhogo wa kuchemsha, vitumbua na maandazi. Mchana wali au ugali kwa maharage, mchicha au samaki. Pweza na dagaa walitoka baharini hapo hapo, nazi zilitoka mashamba ya jirani, machungwa yalishuka Muheza. Chakula kilikuwa rahisi kwa sababu hakikutoka mbali, na pia kwa sababu mpishi hakujilipa mshahara.

Hapa ndipo penye jambo zito, na wanahistoria wa uchumi wamelipita kama wapitavyo harufu ya jikoni. Mshahara wa kibarua wa pwani ulikuwa mdogo sana. Mwaka 1939 makuli wa bandari ya Tanga waligoma kwa ajili ya malipo yao, na mgomo huo umeandikwa. Lakini mgomo ni siku chache. Siku zilizobaki za mwaka mtu huyo aliishije? Aliishi kwa deni. Meli isipokuja hapakuwa na kazi, na pasipo kazi hapakuwa na fedha, ila chakula kilipatikana, kwa kuwa mama wa genge alimkumbuka kichwani: fulani sahani mbili, fulani sahani tatu na kikombe cha chai. Meli ilipotia nanga alilipwa. Mwingine alihama mji, asilipwe. Kwa hiyo hasara ya bandari ilibebwa na chungu cha mwanamke asiyekuwa na hisa yoyote bandarini. Mwajiri aliweza kulipa kidogo kwa sababu mwanamke huyo aliuza kwa bei ndogo na alikubali kungoja. Tukihesabu gharama ya kila tani ya katani iliyopakiwa Tanga, na hapo mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000, tutaona mizani haikamiliki mpaka deni lile liwekwe upande mmoja.

Jina lake la sasa, mama ntilie, ni la wateja. Ni nitilie, yaani tia kwa ajili yangu, kwa kauli ya kutendea. Irabu ya ni- imemezwa, kama midomo ya pwani ipendavyo. Asemaye hivyo haagizi kama mtu aagizaye hotelini, bali anaomba kama mtoto aombavyo kwa mama yake. Ndani ya neno moja kuna adabu ya zamani iliyokataa kufa. Chakula kinanunuliwa, lakini mnunuzi anajifanya analishwa, na muuzaji, akimwongezea mchuzi pasipo kuombwa, anajifanya vivyo hivyo. Wote wawili wanajua bei.

Uhuru ulipokuja mwaka 1961 milango iliyofungwa kwa rangi ilifunguliwa, ingawa ya fedha ilibaki. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1967 Tanga ulikuwa na watu 61,058, mji wa pili Tanzania Bara baada ya Dar es Salaam. Lakini mwaka huo pia bei ya mkonge ilikuwa imekwisha kuanguka kwa ushindani wa nyuzi za viwandani, na mji uliokuwa umeegemea mmea mmoja ukaanza kuyumba. Ukame wa miaka ya 1973 hadi 1975, kufungwa kwa mpaka wa Kenya mwaka 1977, na vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikafanya sukari, mchele na unga wa ngano kuwa vitu vya kibali. Mikahawa yenye leseni iliumia kwanza, kwani maandazi hayapikwi kwa leseni. Watu walikula ugali wa yanga, yaani mahindi ya njano yaliyoletwa kutoka ng'ambo, wakanung'unika. Genge lilistahimili kwa sababu ya muhogo. Muhogo haukupita katika ghala ya serikali wala haukuhitaji hati. Uling'olewa asubuhi ukaliwa mchana.

Ndipo ukaja mwaka 1983 na Sheria ya Nguvu Kazi, iliyotaka kila mwenye nguvu awe na kazi inayotambulikana. Watu waliokamatwa mijini kwa kuhesabiwa hawana kazi walipelekwa vijijini, na wauza vyakula wasio na leseni walijikuta katika hatari hiyo. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa sheria isiyoona. Mtu aliyeamka saa kumi usiku, akalisha wafanyakazi wa viwanda kabla king'ora hakijalia, aliulizwa anafanya kazi gani. Miaka michache baadaye, mishahara ya wanaume ilipokosa kutosha na viwanda vikaanza kupunguza watu, nyumba nyingi zilizodharau genge zilikuja kusimama juu yake.

Tangu hapo serikali imebadili lugha. Katika hotuba na nyaraka mama ntilie ameitwa mama lishe, jina lenye heshima, ambalo hata hivyo limemwondoa mteja na ombi lake. Wanaume wameingia katika kazi hiyo, nao huitwa baba lishe. Mwaka 2005 Tanga ulipewa hadhi ya jiji. Mwishoni mwa 2018 wafanyabiashara wadogo nchini walianza kupewa vitambulisho kwa shilingi 20,000, wapishi wakiwamo. Mwaka 2021 wafanyabiashara hao hao walitakiwa kuhama kando ya barabara waende maeneo waliyotengewa. Mahali mapya huwa na paa na maji, na mara nyingi huwa mbali na walaji. Chungu kinaweza kuhamishwa kwa siku moja, lakini daftari la madeni limefungamana na mtaa, na mdaiwa wa barabara moja hatembei robo saa kwenda kulipa sahani aliyokwisha kula.