Zhanxi: Onyo la virusi linapofunga mlango wa biashara

Kwa Kichina jina Zhanxi lina maana ya "magharibi ya stesheni", na ndivyo eneo hilo lilivyo. Ni mtaa ulioko upande wa magharibi wa stesheni ya treni ya Guangzhou, kusini mwa China, wenye majengo ya ghorofa yaliyojaa maduka ya jumla ya nguo, viatu na saa. Wafanyabiashara kutoka Kariakoo jijini Dar es Salaam, Eastleigh jijini Nairobi na Kikuubo jijini Kampala wameuzoea mji huo kwa miaka mingi.

Safari ya Guangzhou ni ya gharama, na mnunuzi mwenye busara hutafuta kwanza habari za muuzaji kwenye mtandao wa intaneti. Hapo ndipo baadhi yao walipokutana na maneno machache yaliyoandikwa chini ya jina la tovuti waliyokuwa wakiitafuta: tovuti hii inaweza kudhuru kompyuta yako. Aliyebofya hata hivyo hakufikishwa dukani, bali kwenye ukurasa mwingine uliomsihi arudi alikotoka. Wengi walirudi. Muuzaji ambaye hakuwahi kutengeneza kirusi hata kimoja alipoteza mteja bila kujua kwamba amempoteza.

Maonyo hayo yalianza kuonekana kwenye matokeo ya Google mwaka 2006. Namna yanavyopatikana haina muujiza. Mtambo wa kutafuta huzipitia kurasa za mtandao moja baada ya nyingine, na zile zinazotiliwa shaka hufunguliwa ndani ya kompyuta ya majaribio. Iwapo kompyuta hiyo, baada ya kufungua ukurasa tu, itaanza kupakua na kuendesha programu ambayo hakuna aliyeiomba, basi ukurasa huo huingizwa kwenye orodha ya hatari. Kuanzia mwaka 2008 orodha hiyo ilitumiwa pia na vivinjari vya Firefox na Chrome, hivyo hata mtu aliyeandika anwani ya tovuti kwa mkono wake alizuiwa mlangoni.

Hatari yenyewe haikuwa ya kubuni. Watafiti wa Google walieleza mwaka 2007 kwamba, katika anwani milioni 4.5 walizozichunguza kwa kina, 450,000 zilipandikiza programu haribifu kwenye kompyuta ya mgeni bila yeye kubofya chochote. Kwa mtumiaji wa kibanda cha intaneti cha Afrika Mashariki wa miaka hiyo, kwenye kompyuta kuukuu yenye mfumo wa Windows ambao haukuwahi kusasishwa, ziara moja tu ingetosha.

Ugomvi unaanzia kwenye swali la nani mwenye kosa. Mara nyingi mwenye tovuti ni mwathirika wa kwanza. Mwaka 2009 shambulio lililopewa jina la Gumblar lilienea kwa kuiba maneno ya siri kutoka kwenye kompyuta za wenye tovuti wenyewe, kisha kuyatumia kuingia kwenye tovuti zao na kupachika mistari michache isiyoonekana. Njia nyingine ni matangazo yanayoletwa na kampuni ya tatu, au vikorokoro vya bure kama kaunta ya kuhesabu wageni. Watafiti hao hao wa Google walitaja kaunta iliyofanya kazi kwa uaminifu kwa miaka kadhaa, kisha siku moja ikageuka na kuanza kuwashambulia wageni wa tovuti zote zilizoitumia. Mwenye tovuti hakuwa amebadilisha hata nukta.

Ili onyo liondolewe, mwenye tovuti hutakiwa kusafisha kurasa zake na kuomba zikaguliwe upya. Hapo awali rufaa nyingi zilipitia StopBadware, mradi ulioanzishwa mwaka 2006 na kituo cha Berkman cha Chuo Kikuu cha Harvard pamoja na Taasisi ya Intaneti ya Oxford. Ukaguzi ungeweza kuchukua siku kadhaa. Siku kadhaa si kitu kwa mtu anayeandika mashairi mtandaoni, lakini kwa muuzaji wa jumla ni kontena zima.

Jambo moja husahaulika katika malalamiko hayo, nalo lina uzito wa pekee kwa mtaa kama Zhanxi, ambao umejulikana pia kwa saa za kuiga. Onyo la aina hii halisemi lolote kuhusu bidhaa. Tovuti ya mwuza saa bandia inaweza kuwa safi kabisa machoni pa mtambo wa kutafuta, na ile ya mfanyabiashara mwaminifu ikabeba alama ya hatari kwa sababu fundi wake alitumia neno la siri jepesi. Mnunuzi anayelichukulia onyo kuwa cheti cha tabia ya muuzaji, au ukosefu wa onyo kuwa dhamana ya mzigo wake, amekosea njia zote mbili.

Orodha nayo inaweza kukosea. Jumamosi tarehe 31 Januari 2009, kwa muda wa dakika 40 hivi, Google iliuonya ulimwengu dhidi ya takriban kila tovuti iliyopo, zikiwemo zake yenyewe. Afrika Mashariki ilikuwa yapata saa 11 na nusu jioni. Guangzhou ilikuwa usiku, siku ya sita ya mwaka mpya wa Kichina. Kampuni hiyo ilieleza kwamba mtu aliiingiza alama ya mkwaju peke yake kwenye orodha kimakosa, na kwa kuwa alama hiyo imo katika kila anwani, kila anwani ikawa hatari. Maelezo ya kwanza ya Google yalidokeza kwamba orodha ilitoka StopBadware. StopBadware ilikanusha, na Google ikasahihisha kauli yake. Hata waonyaji wakubwa, kumbe, hugombana wao kwa wao kuhusu nani ameandika jina la nani.

Mahakamani majibu yametofautiana. Nchini Marekani, mwezi Juni 2009, mahakama ya rufaa ya shirikisho iliikingia kifua kampuni ya Kaspersky, iliyokuwa imezuia programu za kampuni ya Zango, kwa hoja kwamba sheria inamlinda anayechuja mambo anayoyaona kuwa ya kuudhi. Miaka 10 baadaye mahakama hiyo hiyo, katika kesi ya Enigma dhidi ya Malwarebytes, ilisema kinga hiyo haimfuniki anayemzuia mshindani kwa nia ya kumhujumu.

Nchini China ugomvi ulikuwa mkali zaidi, na sehemu yake ilisikilizwa Guangzhou kwenyewe. Mwaka 2010 kampuni ya Qihoo 360 ilitoa programu iliyokagua "afya" ya QQ, huduma ya ujumbe ya kampuni ya Tencent ambayo wauzaji wengi wa China waliitegemea kuzungumza na wateja, na kuwaambia watumiaji kwamba QQ ina kasoro. Tarehe 3 Novemba Tencent ilijibu kwa kuwataka watumiaji wachague: ama QQ, ama 360. Serikali iliingilia kati. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Mkoa wa Guangdong iliamuru Qihoo ilipe yuan milioni 5, na Mahakama ya Juu ya China ikaithibitisha hukumu hiyo mwaka 2014.

Kesi nyingine inakaribia zaidi suala la mitambo ya kutafuta. Qihoo ilikuwa ikipachika alama nyekundu za tahadhari kwenye matokeo ya Baidu, na aliyezibofya alielekezwa kupakua kivinjari cha Qihoo. Mahakama ya Beijing ilitoza faini ya fidia ya yuan 450,000 mwaka 2013. Mahakama ya rufaa iliweka kipimo: huduma ya mwingine isiingiliwe ila pale maslahi ya umma yanapolazimu.

Hayo ni mapambano ya makampuni yenye mawakili. Mwenye kibanda cha futi chache huko Zhanxi hana wakili, na tatizo lake lina sura nyingine. Google ilihamishia huduma yake ya utafutaji ya China Hong Kong mwezi Machi 2010, na tangu mwaka 2014 huduma zake nyingi hazifikiki China bara pasipo kuuzunguka ukuta wa mtandao. Matokeo yake ni kwamba mnunuzi aliyeko Kariakoo huliona onyo, huku muuzaji haoni onyo, hafikii ukurasa wa kukata rufaa, wala hasomi barua pepe ya tahadhari iliyotumwa kwenye Gmail. Anaweza kulijua kwa njia moja tu, mteja akimwambia, na mteja aliyeogopa kwa kawaida huenda duka la jirani.

Sehemu kubwa ya biashara hiyo sasa imehamia WeChat, iliyobuniwa na kikosi cha Tencent mjini Guangzhou na kuzinduliwa mwaka 2011. Huko nako viungo vya maduka ya mtandaoni ya mshindani wake, Alibaba, vilizuiwa kwa miaka mingi. Mwezi Septemba 2021 wizara ya viwanda na teknolojia ya habari iliyataka makampuni yaache kuzuiana, na kuanzia tarehe 17 mwezi huo Tencent ikaanza kuviruhusu viungo hivyo katika mazungumzo ya watu wawili.